Gari Lililomkataa Mama

Wapo watu wanaopenda harufu ya petroli. Mume wangu ni mmoja wao. Tukiingia sheli hushusha kioo na kuvuta pua kama mtu aliyekaribishwa pilau, nami hupandisha changu. Aliwahi kuniuliza, nikamjibu kwamba harufu ile inanitia kichefuchefu, na hilo ni kweli ingawa si yote. Petroli kwangu ni uwanja wa nyumbani Katumba Songwe, kokoa imeanikwa kwenye mikeka, na gari jekundu limelala chini kama bata anayeatamia. Nikiinusa namwona mama amejibanza nyuma ya ukuta wa jiko, mkono mdomoni, akilia bila sauti ili mkwe wake asimsikie.

Gari lile lilikuwa la babu, baba yake baba. Alifanya ufundi Mbeya miaka mingi, kwenye gereji ya tajiri mmoja mpenda mashindano ya magari. Tajiri alipozeeka na kurudi kwao akamwachia babu gari lake la mashindano, naye babu akalishusha mwenyewe mpaka Kyela. Hebu fikirieni, ninyi mliokulia huko kama mimi: gari la milango miwili, tumbo linafagia nyasi, injini ya kabureta mbili, katika kijiji ambacho mwenye baiskeli nzima ndiye aliyekuwa mtu. Mvua ikinyesha hata ng'ombe waliteleza kwenye barabara ile. Gari halikuwa na kazi yoyote ya maana, lakini babu alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, na hatukuona ajabu kwa sababu na sisi tulilipenda.

Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Babu alikuwa ametoboa dashibodi na kupachika geji ndogo ya duara, yenye mshale wa kuonyesha presha ya mafuta yanayokwenda kwenye kabureta. Gari likiondoka mshale ulisimama vizuri, injini ikinguruma mpaka kuku wakakimbilia migombani. Baada ya mwendo mshale ulianza kushuka, polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani. Kisha gari lilikohoa, likatikisika, likazima. Babu alisimama na kufungua boneti. Aliloweka kitambaa, akakifunga kwenye pampu, halafu, kwa kuwa geji ya tenki ilikufa zamani, alizunguka nyuma, akafungua mfuniko na kutumbukiza ufito wa mwanzi kupima mafuta yaliyobaki. Akafunga, akaingia, akawasha. Gari likawaka bila ubishi. "Joto la Kyela hili," alisema. "Petroli inachemka ndani ya bomba inakuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ndiyo maana nailoweshea kitambaa."

Leo najua, na nawaambia mapema ili msisumbuke kubahatisha. Kitambaa hakikuponya kitu. Masika yalipoanza, maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye tenki, na babu akaziba mfuniko kwa mpira wa tyubu na nailoni, akakaza barabara. Akaziba pamoja na lile tundu dogo la kupitishia hewa. Petroli ikitoka na hewa isiingie, tenki hunyonya mafuta yake lenyewe, na pampu huvuta mpaka ishindwe. Kilichoponya gari kila mara kilikuwa ule ufito, maana ili kuuingiza ilibidi afungue. Aliponya asichokijua kwa kitu asichokifikiria. Na kwa kuwa siku zile zile alianza kununua petroli ya madumu kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, alikuwa na sababu nyingi za kulaumu kabla ya kufika kwenye mfuniko.

Sasa mama. Kwetu Unyakyusa mke hamkaribii baba mkwe. Tunaita ukutila. Hamtazami usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, hakalii alipokalia, na wakikutana njiani mke huacha njia, huingia shambani na kugeuka mpaka mzee apite. Naye mzee hujitenga vile vile. Familia nyingi zimeregeza, na wachungaji wamehubiri wamechoka, lakini mama alikulia Ikolo kwa bibi asiyeregeza jambo, akaja kwetu nayo yote. Uwanja ulikuwa mmoja na nyumba mbili: ya babu upande wa barabara, yetu nyuma ya migomba. Miaka yote ile hawakuwahi kusemeshana hata neno. Waliheshimiana sana. Samaki akija kutoka Matema, mama alikatia babu kipande cha tumbo, chenye mafuta, nami nikampelekea. Babu alikula na kusema, "Mwambie ndaga," yaani asante. Nikarudi, "Mama, babu anasema ndaga." Mama alitabasamu akiwa ameinamia sufuria.

Mama alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Siku ya uchungu mkunga wa kijijini aliingia chumbani asubuhi, jua likapanda naye hajatoka. Alipotoka alimwita baba kando ya migomba. "Mtoto amekaa vibaya," alimwambia. "Mpeleke hospitali mjini, sasa hivi."

Jirani yetu Lwitiko alikuwa pale na baiskeli yake, ile anayobebea magunia ya mpunga. Alishaanza kufunga mto kwenye keria. "Mlete," alisema, "nitamsukuma taratibu, tutafika." Baba aliitazama baiskeli, akalitazama gari. Nani angemlaumu? Mkeo anapiga kelele ndani, na uwanjani kwenu kuna gari la mashindano.

Tatizo lilikuwa dereva. Baba alijua kuendesha, lakini tabia za gari alizijua babu. Shangazi Tusekile, dada yake baba, ambaye daima alikuwa na jibu, alisema, akimwita babu tata, yaani baba, "Tutundike kanga katikati ya viti. Tata aendeshe, sisi tukae nyuma. Wifi hatamwona, wala hataonekana."

Mama alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, jasho likimtiririka. Alitikisa kichwa. "Hapana, wifi. Nilale hivi nilivyo, nipige kelele hizi, na mkwe wangu yuko mbele yangu? Niacheni nifie hapa."

Babu alikuwa amesimama mbali, ng'ambo ya mikeka ya kokoa, ametupa mgongo. Alisikia. Hakugeuka, ila alimpazia baba sauti. "Endesha wewe. Mpe kiti changu kile kirefu cha kando ya dereva, ninachopumzikia mchana, kinalala. Tandikeni mkeka mpya asiguse kiti. Jaza tenki, usije ukakwama kwa mafuta. Likilegea usibishane nalo, simama, loweka kitambaa, funga pampu. Ikipoa litawaka. Umesikia?"

"Nimesikia, tata."

Baba alijaza tenki kutoka kwenye dumu mpaka petroli ikafika shingoni, akakaza mfuniko kwa nguvu zake zote. Nimeelezwa baadaye na fundi kwamba tenki likijaa hivyo ndivyo linavyojinyonga upesi zaidi, kwa sababu halina nafasi ya hewa. Kila kitu walichofanya siku ile walikifanya kwa mapenzi, na kila kimoja kiliharibu.

Mimi niliwekwa nyuma na shangazi, kikapu cha nguo magotini. Tuliondoka vizuri. Nayakumbuka mashamba ya mpunga yakikimbia dirishani, milima kule mashariki imevaa mawingu, na mshale umesimama. Halafu shimo, na jingine, na mama akateleza kwenye kiti. Alishika dashibodi akaguta, "Mkeka umetoka! Nimegusa kiti. Wifi, nimegusa kiti cha mkwe!"

"Tulia, wifi, tutaurudisha."

Shangazi alipapasa kuuvuta mkeka, lakini mama alikuwa mzito, na mshale ulikuwa umeanza kusinzia. Niliuona. Injini ikakohoa. Gari likatikisika, tukasimama katikati ya barabara, hakuna hata kivuli.

Baba aliruka nje. Alifungua boneti, akakimbilia mfereji wa mpunga na kitambaa, akakifunga kwenye pampu, akangoja. Likawaka. Tukaenda kidogo, mshale ukashuka, likazima. Akaloweka tena. Sikumbuki ilikuwa mara ngapi. Nakumbuka jua, na baba akikimbia na kitambaa mpaka maji yakamwagika kabla hayajafika, na mama akiuma upande wa kanga. Mfuniko hakuugusa. Kwa nini auguse? Alijaza kwa mkono wake, alijua mafuta yapo.

Lwitiko alikuwa ametufuata kwa baiskeli. Alitufikia, akashuka. "Kaka, mpakie huku. Twende."

"Litawaka."

"Kaka."

"Litawaka tu, subiri kidogo! Tata amesema likipoa litawaka."

Na kweli liliwaka, ndiyo ubaya wake. Lingekataa moja kwa moja tungeshuka mapema. Lilituhadaa kwa vipande vipande mpaka Lwitiko akawa anatembea kando yetu akisukuma baiskeli, na bado tukawa hatumwachi nyuma. Mwishowe mama mwenyewe alifungua mlango. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayemsemea mtu siri, "Halinitaki. Nimelikosea. Nitoeni humu."

Walimpandisha kwenye keria, baba upande huu, shangazi upande ule, Lwitiko akisukuma. Mimi nilikimbia nyuma na ule mkeka kichwani, kwa sababu hakuna aliyeniambia niuache.

Mtoto alikuwa wa kiume. Muuguzi mmoja mwenye sauti ya upole alitoka akamwambia baba, "Mama yu salama. Mtoto alichoka njiani." Hilo neno, kuchoka, nililiamini. Nilidhani kuna mahali amelazwa apumzike, tutapewa jioni. Nilikaa kwenye benchi nikimtengenezea nafasi kwenye kikapu, nikikunja nguo zake ndogo upya, mpaka shangazi aliponipokonya na kuanza kulia.

Wanawake waliokuja kutupa pole walisema waliyosema. Walisema kwa sauti ya chini, lakini mtoto aliyekaa kando ya mkeka wa kokoa husikia yote. "Alikaa kwenye kiti cha mkwe wake, mlitaka iweje?" Mama aliyasikia pia, wala hakuyahitaji, maana alishajihukumu. Akawa haishii kuacha njia akimwona babu. Alizunguka shamba zima la kokoa kwenda kuchota maji ili asipite hata mbele ya gari. Chakula cha babu alikipika vizuri kuliko zamani, akakifunika kwa vitambaa viwili, akanikabidhi mikono ikiwa imefunikwa na kanga. Yeye mwenyewe alikuwa akikonda.

Nami niliamini kama wao, tena zaidi. Mimi nilikuwa nimekalia kile kiti mara nyingi, babu akinipeleka barabarani na kunirudisha, na gari halikunifanya kitu. Kwa hiyo, nilijiambia, gari linajua. Linawajua watu. Linanipenda mimi na kumchukia mama. Nililiogopa, lakini zaidi ya hofu nilimwonea mama aibu kwa kupendwa na kitu kilichomtesa. Akinikumbatia nilijitoa. Alidhani nimechoka kukumbatiwa, na hakulazimisha.

Baada ya matanga babu alilivuta gari, lililokuwa limerudishwa kwa kusukumwa, hadi katikati ya uwanja na kuanza kulitibu. Nilikuwa nageuza kokoa pale pale, nikamwona siku zote zile. Hakukurupuka. Alibadili kitu kimoja, akawasha, akaliacha lingurume limesimama huku akitazama mshale. Aliachana na petroli ya madumu akaagiza ya mjini. Mshale ukashuka. Alifungua kabureta zote mbili, akaosha mabakuli, akapima maboya. Mshale ukashuka. Alihamisha bomba mbali na injini akalizungushia magome ya mgomba lisipate joto. Ukashuka. Alibadilisha ngozi ya pampu. Gari likawaka likanguruma, naye akanyanyua mikono juu, kisha mshale ukaanza kusinzia, naye akaishusha mikono. Hakutukana wala hakupiga kitu. Kadiri alivyoondoa sababu moja moja ndivyo alivyozidi kunyamaza, na mimi niliyejua sababu nilimhurumia, mzee mzima anayehangaika na bomba wakati kila mtu amekwisha kujua.

Siku moja, gari limezima tena, alikwenda nyuma kumimina petroli. Alilegeza mfuniko. Tenki likavuta hewa, fyuuu, kwa nguvu, hata mimi nikasikia kutoka kwenye mikeka. Babu aliganda. Alifunga, akawasha, akaliacha linywe mpaka likazima. Akafungua. Fyuuu. Akaurudia mchezo ule, uso umemsawijika, kisha akaketi chini kwenye matope akabandua mpira na nailoni, akaishika ile nailoni kwa vidole viwili.

"Mchumba," aliniita, ndivyo alivyoniita siku zote. "Nenda kwa mama yako. Mwambie si yeye. Mwambie ni mfuniko."

Nilikwenda. Mama alikuwa anamenya ndizi jikoni. "Mama, babu anasema si wewe. Ni mfuniko."

Alinitazama, akarudi kwenye ndizi. "Babu yako ana huruma," alisema. "Mwambie ndaga."

Nilirudisha jibu. Babu alitikisa kichwa kwa uchungu. Alielewa, na hata mimi nilielewa: mama alidhani anabembelezwa. Basi alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alilisukuma gari mpaka karibu na jiko letu, karibu zaidi kuliko alivyowahi kusogea maishani. Jiko lilikuwa la mianzi, na kati ya mwanzi na mwanzi macho ya mama yalikuwa yanaonekana. Babu hakutazama huko. Alinitazama mimi, akaifunga nailoni kwenye mfuniko kama mwanzo, akawasha, akasema kwa sauti iliyonipita na kwenda mbali, "Mchumba, simama mlangoni. Tazama kiti changu. Nani amekalia?"

"Hakuna mtu."

"Sema kwa nguvu!"

"Hakuna mtu, babu!"

"Tazama mshale. Unafanya nini?"

"Unashuka."

Ulishuka, injini ikakohoa, gari likazima, kiti kitupu. Alifungua mfuniko, tenki likavuta hewa. Akatoa nailoni, akafunga mfuniko mtupu, akawasha. Safari hii liliwaka na kuendelea. Mshale ulisimama. Tulisubiri mpaka miguu ikanichoka, moshi ukajaa kwenye migomba, na mshale umesimama. Hapo ndipo niliporuka kwa furaha. Nilidhani mama sasa atatoka anacheka, tutakula pamoja, mambo yatarudi. Babu alizima injini.

Kisha sauti ya mama ikatoka kwenye mianzi, na hakuwa anasema na mimi.

"Ni hicho tu?"

Babu alishtuka kama aliyepigwa. Alikuwa hajawahi kusemeshwa na sauti ile. Aliinamisha macho. "Ni hicho tu, mwanangu. Nilikifunga mimi. Nilikuwa nazuia mvua."

Mama alitoka. Hakujifunika. Alitembea mpaka mbele yake akamtazama usoni, nami nilitaka kufumba macho kwa niaba yao wote wawili. Hakuwa na hasira, ningemjua. "Nilikuwa najua nimekosa," alisema. "Nilisema, nimemkosea mkwe wangu, nitamheshimu mpaka nife, labda mwanangu atasamehewa huko aliko. Sasa nimheshimu nani ili nini?"

Mama alichukua jembe lililoegemezwa kwenye ukuta, akapita kati ya babu na gari, kanga yake ikimgusa mkono, akaenda shambani.

Tangu siku ile mama hakuacha njia kwa ajili ya mtu yeyote. Chakula cha babu aliendelea kupika, kipande cha tumbo la samaki kama kawaida, ila alikipeleka mwenyewe, akakiweka mezani, akasema "karibu" na kuondoka. Majirani walishangaa, wengine wakamsema, wakazoea. Aliyeshindwa kuzoea ni babu. Akimwona mama anatokea njiani na ndoo yake, mzee yule aliingia kwenye kokoa, akageukia mti na kuinamisha kichwa, akangoja mpaka hatua za mama ziishe.